Kushika Neno moyoni: namna ya kukariri na kutafakari mstari wa Biblia



Katika makanisa yetu ya mashariki mwa Kongo, mstari wa kukariri ni jambo la zamani. Mtoto wa Shule ya Jumapili anasimama mbele, anasema mstari wake, na washirika wanapiga makofi. Mwanafunzi wa mafundisho ya ubatizo anaulizwa Amri Kumi na Sala ya Bwana. Lakini wengi wetu tukiisha kubatizwa, tunaacha. Jumapili mtu mzima anabeba Biblia kwapani au anaifungua kwenye telefone, na katikati ya juma hana hata andiko moja analotembea nalo. Makala hii inaeleza maana ya kukariri na kutafakari, msingi wake katika Biblia na katika historia ya kanisa, hatua za kufuata, na hatari za kuepuka.

Maana ya maneno haya mawili

Kukariri ni kushika maneno ya mstari mpaka uweze kuyasema bila kutazama kitabu. Watu wetu husema "kushika kwa kichwa". Kutafakari ni kukaa na maneno hayo mbele za Mungu: kuyarudia, kuyauliza maswali, kuyageuza kuwa maombi, mpaka yaguse namna tunavyoishi. La kwanza ni kuweka chakula ghalani, la pili ni kukila.

Neno la Kiebrania linalotumika katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 ni *hagah*. Maana yake si kufikiri kimya tu, ni kunong'ona, kutoa sauti ya chini. Neno hilo hilo linatumika kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (Isaya 31:4) na kwa hua anayelia (Isaya 38:14). Kwa hiyo Mwisraeli aliyetafakari sheria alikuwa na midomo inayotikisika. Aliyewahi kuona ng'ombe wa Masisi wakilala baada ya malisho na kucheua majani waliyoyameza asubuhi anaelewa jambo hili bila shida.

Tena katika Zaburi 2:1 neno hilo linatumika kwa mataifa yanayopanga ubaya juu ya Bwana. Hapo tunajifunza kwamba kila mtu hutafakari kitu. Anayekesha usiku akiwaza jinsi ya kumlipa jirani yake anatafakari tayari. Anayerudia rohoni tusi alilotukanwa sokoni anakariri tayari. Swali si kama tutatafakari, bali ni neno gani litakalokaa kinywani na moyoni mwetu.

Biblia inafundisha nini

Katika Kumbukumbu la Torati 6:6-9, Mungu anataka maneno yake yakae kwanza moyoni mwa mzazi, ndipo yafundishwe watoto. Nafasi zinazotajwa ni za kila siku: kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Wakati ule familia haikuwa na kitabu cha ngozi nyumbani. Neno lilikaa ndani ya watu au halikukaa kabisa.

Ndiyo maana sehemu nyingi za Agano la Kale zilitungwa kwa namna inayosaidia kukumbuka. Zaburi 119 ina mistari 176, iliyogawanywa katika mafungu 22 ya mistari minane minane, kufuata herufi 22 za Kiebrania. Maombolezo sura ya 1, 2 na 4, pamoja na shairi la mke mwema katika Mithali 31:10-31, vinafuata herufi hizo pia. Hata machozi ya Yerusalemu iliyobomolewa yaliwekwa katika mpango, ili waliobaki waweze kuyabeba kichwani.

Bwana Yesu mwenyewe alitumia Neno alilolishika. Jangwani, akiwa na njaa na bila kitabu mkononi, alimjibu Shetani mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kutoka sura ya 8 na ya 6. Msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi 22, na pumzi ya mwisho aliitoa kwa maneno ya Zaburi 31. Maumivu yalipozidi, kilichotoka kinywani mwake ni kile kilichokuwa kimejaa moyoni.

Tunawaona na wengine. Wimbo wa Mariamu katika Luka 1 unafanana sana na wimbo wa Hana katika 1 Samweli 2. Msichana wa kijijini alikuwa ameyashika maandiko, na siku ya furaha yakatoka kama maneno yake mwenyewe. Yona ndani ya samaki aliomba kwa maneno yaliyo karibu sana na Zaburi. Timotheo alijua Maandiko tangu utoto (2 Timotheo 3:15), na Paulo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

Na kuna habari ya Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikata kitabu cha nabii kipande kwa kipande, akakitupa motoni. Yeremia akamwambia Baruku tena maneno yote, naye akayaandika katika kitabu kipya, na mengine mengi yakaongezwa. Mfalme alikuwa na moto na kisu, lakini hakuweza kuufikia moyo wa nabii.

Katika historia ya kanisa

Mitume hawakuwa na namba za sura wala za mistari. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya tulizo nazo ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Namba hizo ni msaada mkubwa kwa kukariri. Lakini zimeleta pia mazoea ya kuuchukua mstari mmoja kama jiwe lililookotwa njiani, bila kuuliza limetoka kwenye nyumba gani.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kitabu kidogo cha kumfundisha kuomba. Alimshauri achukue maneno ya Biblia na kuyapitia kwa njia nne: fundisho, shukrani, toba, na ombi. Ni vizuri tukumbuke kwamba mafundisho hayo hayakuandikiwa profesa, yaliandikiwa mtu wa wembe na mkasi. Mwaka 1539 Luther aliandika kwamba mambo matatu humfanya mtu kuwa mwanatheolojia: maombi, kutafakari, na majaribu. La tatu sisi wa mashariki hatujalikosa. Mara nyingi tumekosa la pili.

Huko Herrnhut, Ujerumani, jumuiya ya Wamoraviani iliyoongozwa na Zinzendorf ilianza mwaka 1728 desturi ya kupewa neno moja la kutembea nalo kila siku. Tangu mwaka 1731 maneno hayo huchapwa katika kijitabu cha mwaka mzima, na Wakristo wa nchi nyingi wanakitumia hata leo.

Kwa nini jambo hili ni la lazima kwetu

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka jioni, watu wa Goma walitoka na kile walichoweza kushika, kama walivyotoka Januari 2002. Ndugu zetu wa Rutshuru, Masisi, Beni na Ituri wanajua pia kutoka usiku kwa sababu ya risasi. Mama anamfunga mtoto mgongoni, anashika sufuria na godoro. Biblia inabaki juu ya meza. Telefone yenye Biblia ndani inazimika siku ya pili kwa kukosa umeme, au inanyang'anywa njiani. Neno lililo moyoni halinyang'anywi kwenye barieri.

Tena kuna wagonjwa ambao macho hayasomi tena, na kuna wazee wetu, hasa akina mama, ambao hawakupata nafasi ya kwenda shule. Hawa si Wakristo wa daraja la pili. Mama asiyejua kusoma, aliyeshika Zaburi ishirini kwa kusikia, ana Biblia kubwa kuliko kijana mwenye tafsiri kumi kwenye telefone asizozifungua.

Namna ya kukariri: hatua saba

1. *Chagua mstari mmoja kwa juma.* Usichague mitano. Mstari mmoja kila juma ni mistari 52 kwa mwaka, nayo ni mali nyingi.

2. *Soma sura nzima kwanza.* Jua nani anasema, anamwambia nani, na kwa sababu gani.

3. *Chagua tafsiri moja na uishike hiyo.* Wengi wetu tunatumia Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952, wengine Habari Njema, na wenye kusoma Kifaransa wanatumia Segond. Ukichanganya, maneno yatagongana kichwani. Angalia pia namba za Zaburi: katika Segond, kichwa cha Zaburi mara nyingi huhesabiwa kama mstari. Kwa hiyo Zaburi 51:10 ya Kiswahili ni 51:12 katika Segond. Mhubiri na mkalimani wasipojua hili, washirika wanabaki wakitafuta.

4. *Andika kwa mkono.* Kaye ndogo na biki vinatosha. Andika pia sura na mstari, mwanzo na mwisho, kwa sababu namba ndiyo inayopotea kwanza.

5. *Gawanya mstari kwa vipande vya pumzi moja.* Sema kipande cha kwanza mpaka kikae, ongeza cha pili, kisha viunganishe.

6. *Sema kwa sauti bila kutazama.* Kusoma mara ishirini hakufikii kusema mara tano kwa kujaribu kukumbuka. Pale unapokwama ndipo penye kazi.

7. *Rudia kwa kuachanisha siku.* Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa haraka sana mwanzoni, kisha polepole. Basi rudia jioni ileile, kesho yake, siku ya nne, siku ya saba, juma la pili, na mwisho wa mwezi. Tumia nafasi ulizo nazo: kuteka maji, kulima, kungoja motari, kupanga foleni ya dawa.

Namna ya kutafakari: mfano wa Warumi 12:21

Fungua Biblia yako kwenye mstari huu. Ni mfupi, mtoto anaweza kuushika kwa siku moja, lakini mtu mzima anaweza kuubeba miaka yote.

*Tazama mahali pake.* Mstari huu unafunga fundisho lililoanza kwenye mstari wa 17, juu ya kutolipa ovu kwa ovu. Katika mstari wa 19 Paulo anatumia Kumbukumbu la Torati 32:35, na katika mstari wa 20 anatumia Mithali 25:21-22, juu ya kumlisha adui mwenye njaa. Maana yake ni kwamba Paulo mwenyewe anatafakari maandiko wakati anaandika.

*Tazama watu walioandikiwa.* Matendo 18:2 inatuambia kwamba Akila na Prisila walitoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi wote Rumi. Katika Warumi 16:3 Paulo anawasalimu wakiwa Rumi tena. Kwa hiyo kanisa lililopokea barua hii lilikuwa na watu waliohamishwa kisha wakarudi, wakaishi na wale waliobaki. Kati ya kabila na kabila, tunajua uchungu wa marudio ya namna hiyo: nani yuko katika shamba la nani, nani alinyamaza nyumba zilipochomwa.

*Tazama maneno.* Katika Kigiriki, kitenzi cha kushinda kinatumika mara mbili: kwanza kwa mtu anayeshindwa, kisha kwa mtu anayeshinda. Wala si "ninyi", ni "wewe". Paulo hasemi kwamba ubaya haupo. Anasema uko vitani nasi, nao una njia mbili za kutushinda. Ya kwanza ni kutuumiza. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kutufanya tufanane nao. Aliyechomewa nyumba ameumizwa. Akienda kuchoma nyumba ya mtu asiye na kosa kwa sababu ni wa kabila lile, ubaya umepata askari mwingine.

*Sasa pitia njia nne za Luther.*

- Fundisho: Mungu ananiagiza nini? Kutojiachia kutawaliwa na ubaya, na kuujibu kwa tendo jema, si kwa kukaa kimya tu.
- Shukrani: Nani alinitendea hivi kwanza? Kristo, aliyetufia tulipokuwa tungali wenye dhambi (Warumi 5:8).
- Toba: Ni nani ninayemtaja kwa uchungu kila siku? Ni maneno gani juu ya kabila lingine nimeyarudia mbele ya watoto wangu?
- Ombi: Bwana, nionyeshe tendo moja jema la juma hili, unipe na nguvu ya kulifanya.

*Maliza kwa tendo.* Kutafakari ambako hakufiki mikononi hakujaisha. Tendo laweza kuwa dogo: kumsalimu mtu kisimani, kumpelekea mgonjwa unga, kukataa kusambaza ujumbe wa chuki kwenye telefone.

Lakini endelea kusoma sura ya 13. Hapo Paulo anasema kwamba mtawala amewekwa kumwadhibu mtenda mabaya. Hivyo Warumi 12:21 haimkatazi mjane kwenda mahakamani, wala haimwamuru msichana aliyetendewa ukatili kunyamaza. Kulipiza kisasi ni jambo moja, kutafuta haki ni jambo lingine.

Hatari nne za kuepuka

*Kufanya mstari kuwa hirizi.* Wako wanaoweka Biblia iliyofunguliwa Zaburi 91 chini ya mto, au kuandika mstari juu ya mlango, kana kwamba wino una nguvu yenyewe. Tukumbuke ni nani aliyeitumia Zaburi 91 jangwani ili kumjaribu Yesu. Shetani alikuwa ameikariri. Alichokosa ni utii.

*Kuutenga mstari na jirani zake.* Yeremia 29:11, juu ya mawazo mema ya Mungu na tumaini, unapendwa sana katika mahubiri ya mafanikio. Mstari wa 10 unasema miaka 70, na mstari wa 5 unawaambia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani. Katika sura ya 28, nabii Hanania alikuwa ametabiri kwamba vyombo vya hekalu na mateka wangerudi kwa miaka miwili, naye alisema uongo. Wenye kuishi mbali na vijiji vyao wanahitaji tumaini la kweli la Yeremia, si tarehe tamu ya Hanania.

*Kumpiga mtu kwa mstari.* Mtu akiwa kwenye kilio, usimtupie Warumi 8:28 na kuondoka. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye kimya. Walianza kuharibu walipofungua vinywa. Mstari unaomtafakari wewe kwanza ndio utakaojua wakati wa kuusema.

*Kutafuta sifa.* Mashindano ya mistari yanawafurahisha vijana, nayo si mabaya. Lakini anayesema mistari mia na kumdharau mke wake hajashika hata mmoja.

Nyumbani na kanisani

Baba na mama, chagueni mstari mmoja wa nyumba kwa juma. Semeni pamoja kabla ya chakula cha jioni, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto asiyeweza kueleza bado ana sauti tu, hajapata maana. Elezeni pia kwa lugha ya nyumbani, iwe Kinande, Mashi, Kihunde, Kinyarwanda au nyingine. Mara nyingi swali la kweli linatoka kwa lugha ile mtu anayoilia.

Wachungaji na wainjilisti, mstari mmoja wa mahubiri urudiwe na washirika wote kabla ya kutoka, vipande kwa vipande, ili asiyesoma aende nao. Viongozi wa korali wanaweza kuutia sauti. Mashemasi wanaotembelea wagonjwa na wafungwa waende na mstari ulio moyoni, wauseme polepole, mara mbili, kisha wanyamaze kidogo kabla ya kuomba.

Kwa anayeanza, majuma manane haya yanatosha:

1. Zaburi 46:1, Mungu kimbilio letu
2. Maombolezo 3:22-23, huruma zisizokoma
3. Mathayo 11:28, mwaliko kwa waliolemewa
4. 1 Yohana 1:9, ungamo na msamaha
5. Mika 6:8, haki, rehema na unyenyekevu
6. Wafilipi 4:6-7, maombi mahali pa mahangaiko
7. Warumi 12:21, wema juu ya ubaya
8. Warumi 8:38-39, upendo usiotengwa nasi

Mstari wa pili katika orodha hii uliandikwa na mtu aliyeketi katikati ya mji ulioharibiwa. Hakuusema kwa sababu mambo yalikuwa mazuri. Katika Maombolezo 3:21 anaeleza kwamba alianza kuwa na tumaini alipolirudisha jambo hilo moyoni mwake. Lakini mtu hurudisha kile alichokuwa amekiweka. Tuweke sasa, wapendwa, wakati tungali na mwanga wa kusomea.

Neno la Kristo na likae kwa wingi ndani ya nyumba zenu. Amina.